Barafu Haikuja Kwenye Soda

Jumatano, baada ya isha

Barafu haikuja tena leo, na tajiri, mwenye kiwanda chetu cha soda, hataki kunielewa. Wateja wa Kariakoo wanarudisha soda, wanasema ni maji matamu tu, basi yeye anaona tunabania gesi.

Nilimweleza taratibu. Ndani ya chupa gesi inaingia majini na nyingine inatoka, wakati wote, mpaka inayoingia na inayotoka zinakuwa sawa. Maji yakiwa baridi, nyingi inabaki majini. Yakipata joto, inatoka, inajaa juu na kusukuma kioo. Ukishindilia zaidi, itarudi majini kweli, lakini chupa ndiyo itakayobeba nguvu hiyo.

"Juma, mimi nauza soda, siuzi maneno," akasema. "Kesho ongeza gesi."

Nikafunika chupa kwa magunia yaliyoloweshwa. Adhuhuri haijafika, yamekwisha kauka. Nifanye nini tena? Jua siwezi kulizima.

Wakati wa kufunga, Athumani, mwenzangu wa mashineni, akaniuliza kama kesho chupa zitapasuka. Nikamwambia, "Inshallah hazitapasuka."

Kesho zamu ya kushika chupa zikijazwa gesi ni yake. Ile iliyopasuka mwaka jana ilimwachia jicho moja.