Ng'ombe alikataa pub

Umuhoza, weka bugali chini kwanza, usome. Mama Athanasie ametuvunja mbavu leo huku Kirolirwe 😂😂

Unajua bale ba pub, bale ba kutangaza maziwa, ba kutoka Goma? Balikuja kupiga foto ya affiche, ile picha kubwa ya kubandika ku barabara. Juu yake itaandikwa "Sauti ya kila muntu". Chef wao anasema anataka diversité, bantu ba kila namna: mufugaji na mulimaji, bega kwa bega.

Hakuuliza kazi ya muntu, akapima urefu tu. Akaangalia Mama Athanasie, murefu vile, akamupa fimbo ya kuchunga: "Weye njo mufugaji." Akaangalia Papa Gatera, mufupi, akamupa jembe: "Weye njo mulimaji."

Papa Gatera! Jembe! Ule muntu karibu alale na ng'ombe zake! Na Mama yeye iko wa viazi, anaogopa ng'ombe tangu utoto!

Mama akafungua kinywa aeleze. Chef: "Mama, usiseme kitu. Cheka tu."

Cheka tu!! Mama akaangalia Gatera. Gatera akaangalia Mama. Bakacheka.

Sasa bakaleta ng'ombe ya Gatera. Mama anashika kamba ku mwisho kabisa. Ng'ombe ikaona Gatera, mwenyewe wayo, ikamukokota Mama mupaka kule, ikaanza kulamba "mulimaji" shingo 😭 Mama chini mu matope, na fimbo yake.

Chef anauliza polepole: "Lakini... nani njo mufugaji hapa?"

Bantu bote meno inje tu.

Akakasirika: "Juu ya nini hamukuniambia?"

Mama akajipangusa matope ku uso. "Papa, ulisema tusiseme kitu, tucheke tu. Tunacheka."