Kisu cha Baba Mkwe

Jumapili, Kirumba

Afadhali nimekirudisha. Wiki nzima hiki kisu cha kukunja kimeninyima raha.

Changu kilipodumbukia ziwani, baba mkwe aliniazima chake cha kuparia samaki. Nami kwa ujuaji wangu nikakitia mafuta ya kupikia ili kifunguke kwa urahisi. Mafuta yakaganda. Jana kile kibanio cha mgongoni kinachokizuia kisijikunje kikagoma kushika, kisu kikajikunja nikiwa nakitumia, nusura kinikate vidole. Wala sikuwaza vidole. Niliwaza mzee ataniona mkwe wa namna gani.

Mke wangu hakunionea huruma. "Si ungeuliza kwanza?" Lakini yeye ndiye aliyeleta maji ya moto na mswaki wa zamani. Nikachokoa kibanio kwa sindano, kikatoka kipande cha gamba la sangara. Tukakausha, tukatia tone moja la mafuta ya cherehani. Ka! Kikashika.

Leo nikaenda Buswelu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Akakifungua, akagonga mgongo wa kisu kwenye kigoda mara mbili. Hakikujikunja. Ningenyamaza tu, mambo yangeisha. Sijui nini kilinisukuma, nikamweleza yote, hadi mafuta ya kupikia.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akakikunja, akakiweka mbele yangu.

"Kaa nacho, umeshajua kukitunza. Mimi nilikitia samli kikiwa bado cha baba, kikagoma. Marehemu baba alikufa akidhani ni kutu."