Waya Ulioingia Kamera Zote Isipokuwa Yangu

Studio ya Justa,
Mkolani, Mwanza.
21 Machi 1999

Mpendwa mdogo wangu Maige,

Marahaba. Hujambo? Wifi Wilhelmina amepona ile malaria? Watoto je? Sisi huku wazima, mvua zimeanza na mahindi ya Mama yamefika magotini. Salamu zimeishia hapo, maana nina hasira na wewe mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Waya wa flashi ulionitumia hauingii. Umesikia? Hauingii! Nilikuchorea tundu la kamera yangu, nikaandika jina na namba yake, nikakwambia uende na karatasi hiyo dukani. Wewe ukamwamini muuza duka kwamba unaingia kamera zote. Kuuliza si ujinga, Maige! Zamani maduka yalikuwa matupu, tukajua moja. Sasa vitu vimejaa mpaka barabarani, na unachokitaka hukipati.

Labda ulidhani nataka kuringa. Jamani, si unaijua miwani ya Mama? Flashi ikikaa juu ya kamera, mwanga unagonga vioo na kurudi, picha inatoka na madoa mawili meupe mahali pa macho. Miaka yote picha zake ni hivyo, na kuvua miwani hataki. Ndiyo maana nilitaka waya, niweze kuiweka flashi pembeni. Daktari alishasema presha ya macho imefika mbali. Mama akaniomba picha moja tu, ayaone macho yake mwenyewe kabla hajapofuka. Yote hayo nilikuandikia Novemba. Waya ukafika mwishoni mwa Januari, na sio wenyewe.

Na mimi nikafanya ujinga wangu, nakiri. Nilimpelekea Ngosha, fundi redio wa hapa Mkolani. Akasema mbona kazi ndogo, akakata ncha, akachomelea nyaya moja kwa moja ndani ya kamera. Nilipojaribu, pwaa! Flashi iliwaka mara moja, kamera ikanyamaza mpaka leo. Harusi mbili za Nansio kapiga mtu mwingine.

Wiki iliyopita ndipo Tereza, mpiga picha mwenzangu wa Pasiansi, alipokubali kuniazima kamera yake na waya wake. Mama alivaa kitenge kipya, akakaa wima kama anaapishwa. Picha ikasafishwa, ikatoka safi kabisa. Macho yote mawili yanaonekana, hata ile kope ya kushoto inayoshuka. Nikaenda nayo nyumbani mbio.

Mama aliipeleka dirishani. Akaigeuza, akaisogeza mpaka puani. Kisha akanirudishia, akasema, "Nisimulie, mwanangu."

Nikamsimulia macho yake mwenyewe, Maige. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Yeye hajakukasirikia. Anasema ulihangaika, na amenikataza nisikuandikie kwa ukali. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, maana angekugombeza ningepumua.

Nisalimie wifi na watoto, na mjomba Malimi ukionana naye. Mungu awalinde, awape na akili ya kusoma barua za dada yenu mpaka mwisho.

Picha nimeiweka humu ndani ya bahasha. Iangalie vizuri wewe, maana mwenyewe hakuiwahi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo,

Justa