Maua Manne ya Droëkloof

Calvinia, 3 Agosti 2019

Shemeji Magrieta,

Nimeficha jambo miaka kumi na tano: ndugu yako Joos hakuiba yale maua ya kilimani.

Hujambo lakini? Miguu inasemaje na baridi hii? Mimi kifua kimeshindwa, na daktari hataji tena miezi. Mwambie Joos aje, nimweleze kabla sijafa.

Shemeji yako,
Hendrik


Nieuwoudtville, 9 Agosti

Shemeji,

Salamu zimefika. Miguu ingali inanibeba. Joos mzima, anachunga mbuzi kando ya barabara, maana wenye mashamba bado wanamfungia geti. Tangu kundi lenu la kujitolea kuhesabu maua adimu limfukuze, hujatuandikia, hata dada yetu Lenie, mkeo, alipofariki.

Juzi mtu wa gari jeupe alimbembeleza Joos amwonyeshe kilima. Leo barua yako tamu. Nani kakutuma, Mwalimu? Wauza vitunguu vya maua, wale wanaong'oa mizizi ya maua adimu wakaiuze?

Joos anacheka: “Shemeji kaanza kumwogopa Mungu, amechelewa basi!” Mimi sicheki. Mahali pale mlipajua nyinyi wawili tu. Kama si yeye, ni nani? Andika, utoe ushahidi, nikasome kanisani. Joos haji.

Magrieta, shemeji yako


Calvinia, 17 Agosti

Shemeji Magrieta,

Pole na baridi. Mimi sitoki tena kitandani. Hakuna aliyenituma.

Joos ndiye aliyeliona ua lile, akichunga. Halikuwa na jina vitabuni, na wenzetu wa kundi wakaamua lipewe jina lake, mtu asiyejua kusoma. Mimi, mwalimu wa miaka thelathini, nilipiga makofi kuliko wote.

Jumatatu mimi na Joos tulipoliongoza kundi kwenda kuhesabu, lilikuta mashimo. Joos alikuwa kilimani Jumapili na mbuzi zake, kwa hiyo wote wakamtazama yeye. Nami nikamtazama. Ua hilo halijaonekana tena, wala halikupewa jina.

Maua yenyewe yamo katika bahasha hii, makavu, ndani ya gazeti, na vitunguu vyake. Sikuthubutu kuyapeleka popote. Lakini mkono ulioizoea kazi ya kukausha mimea haulazi mmea gazetini bila kuuandikia kikaratasi, nami nilikiandika usiku uleule. Kisome kanisani, na Joos awe amekaa mbele:

Kilima cha Droëkloof. Jumamosi, 14 Agosti 2004.
Mimea iliyoonekana: minne.
Iliyochukuliwa: minne.
Aliyechukua: Hendrik Cloete.