Babu Mihambo Haruki

Dada yangu Nyamizi,

Shikamoo. Natumaini miguu imeacha kuvimba, na shemeji amepata mvua ya kutosha kwenye karanga zake. Mimi huku Dar es Salaam ni mzima, ila bega la kulia linanikumbusha umri kila nikiinama kuchukua gunia pale sokoni. Bado hakuna kuli anayenifikia, hilo ulijue. Juzi nilipita na magunia mawili ya mchele, watu wakapisha njia wakidhani lori linarudi nyuma. Lakini nimechoka, dada. Asali uliyonitumia imefika, nailamba kidogo kidogo.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungepiga vigelegele kabla sijamaliza. Ni habari ya ile filamu ya Babu Mihambo, aliyemzaa babu yetu. Najua umeshawatangazia wote hapo Ntalikwa kwamba filamu ikija kuonyeshwa Tabora mjini, jina lake litasomeka ukutani. Kaa kwanza.

Si nilikwambia vijana wa filamu walinikuta sokoni nasimulia jinsi Babu alivyobeba pembe ya ndovu toka Ujiji mpaka pwani, pembe ndefu hata ncha ya mbele ikifika kisimani, ya nyuma bado inaaga kambini? Mkubwa wao, Kibwana, Mzaramo, mtani wetu kabisa, akasema huyu ndiye shujaa wa ajabu wanayemtafuta. Nikawapa Babu kwa moyo mweupe. Wakamvisha joho jekundu, nikavumilia. Simba nilisema wawili, wao wakaweka saba. Hapo nilifurahi, hata mimi ningefika huko siku moja.

Siku ya kupiga picha, namwona kijana anayeigiza Babu anakuja, pembe kaiweka kichwani. Kichwani, dada! Mnyamwezi!

"Shusha!" nikapiga kelele. "Babu yetu alibeba begani. Kichwani mnabeba nyinyi wa pwani, maana vichwa vyenu havina kazi nyingine."

Kibwana akacheka. "Mtani, begani, kichwani, si mzigo ulifika?"

"Ulifika kwa sababu ulikuwa begani!"

Nikaichukua niwaonyeshe. Kumbe ya sponji, nyepesi kama mkate. Nikawaambia mwili haudanganyiki, tieni mchanga. Wakatia. Nikatembea nayo toka mkorosho mmoja mpaka mwingine, nikaiegemeza mtini kupumzika kama baba alivyotufundisha, maana mpagazi akilaza mzigo chini, kuuinua ni kazi ya pili. Kisha nikaendelea. Kamera inanifuata. Sikuigiza kuchoka, dada. Magunia yote ya sokoni yalikuwa yamo humo ndani ya mchanga. Hakuna aliyecheka, hata Kibwana.

Nikadhani nimeshinda. Ndipo wakanieleza mwisho wake: Babu anaelemewa, anashukiwa na nguvu za ajabu, anaruka na pembe yake juu ya misitu na mito mpaka anatua pwani.

Nikawauliza, "Mpagazi akiruka, mzigo una maana gani?"

"Mjomba," akasema binti anayeshona mavazi yao, "mbona wewe mwenyewe unabadilisha kila siku? Jana Babu alitokea Tabora, leo Ujiji."

"Barabara si hiyo hiyo? Mimi pembe nimeirefusha, sijawahi kuitoa begani mwake. Na wewe si ulinuna wiki nzima Wazungu walipobadilisha rangi ya joho la yule shujaa wao wa sinema?"

"Yule ana kitabu chake, Mjomba."

"Na huyu kitabu chake kiko Ntalikwa, kinaitwa Nyamizi. Panda treni ukakisome!"

Walicheka. Ila Kibwana akawa mpole, akasema watu wanakuja kumwona mtu akiruka, asiporuka filamu itawadodea. Nikamwambia basi achague: aruke, au aitwe Mihambo. Jina hilo, dada, analo mwanao wa kwanza, sitaweza kurudi nyumbani nikamwambia somo wake alifika pwani kwa kupita hewani. Wakajadiliana pembeni. Mimi nimekaa kivulini naomba Mungu wachague jina.

Wakachagua kuruka.

Kwa hiyo Babu hatatajwa. Waambie watu hivyo, na useme mdogo wako ndiye aliyekataa, maana ndivyo ilivyokuwa. Wakitaka kucheka, wacheke. Sina nguvu ya kubishana nao.

Ila jana Kibwana alinifuata sokoni, gunia likiwa begani mwangu. "Mtani, ule mwendo wako nimeshindwa kuukata kwenye filamu." Ameuacha humo. Shujaa wao akiruka, chini kabisa ya picha anapita mzee na pembe begani, hana joho, hana jina, wala hainui macho.

Nisalimie shemeji, mama mdogo wa ng'ambo ya reli, na yule jirani yako fundi baiskeli anayesema mimi ni mwongo. Mihambo mwambie bega lake la kulia alitunze. Filamu ikija mjini, nendeni nyote. Ukumbi mzima utatazama juu. Nyinyi tazameni chini.

Ni mimi mdogo wako, niliye bado njiani na mzigo begani,

Shija