Majina Kumi na Moja Kwenye Kizuizi cha Gatumba

Shangazi yangu mpendwa,

Unakumbuka nilivyokung'ang'ania unipeleke Gatumba, mpakani na Kongo? Vita vilikuwa vimepamba moto, nchi imewekewa vikwazo, nami nilikuwa namaliza chuo kikuu. Utafiti wangu ulihusu biashara ya dunia: kwa nini bidhaa zikiadimika, wenye malori hapa Bujumbura wananenepa, na wamama wanaovusha chumvi na sabuni kutoka Kongo wanakonda. Wewe ulikuwa mmoja wa wamama hao. Ukanipeleka kwa wenzako kumi na mmoja, mmoja baada ya mwingine, wakanieleza yote.

"Andika maneno yao," uliniambia. "Majina uache."

Sikukusikiliza. Profesa wangu alitaka ushahidi, nikaandika majina na mitaa wanayoishi.

Tukiwa njiani kurudi, askari wa kizuizi cha barabarani akalitoa daftari langu kwenye kikapu chako, nilimolitia mwenyewe. Siku zile orodha ya majina, ikidhaniwa ni ya waasi, ilitosha kumuua mtu.

"Hii liste ni ya nani?"

Nikatazama pembeni. Wewe ukasema, "Ni yangu, afande. Ni wamama wa kwaya."

"Kama ni yako, taja."

Hukujua kusoma. Ukasimama juani ukawataja kwa kichwa, kwa mpangilio uleule ulionipeleka kwao: Consolata wa Nyakabiga, Espérance wa Gasenyi... naye akifuata kwa kidole. Ukawamaliza wote.

"Sasa imba."

Ukaimba peke yako, askari wenzake wakicheka. Kwangu mimi, askari aliangalia tu kadi ya chuo. "Mademoiselle, pita." Nikapita.

Daftari alibaki nalo. Kwa siku mbili tulizunguka kuwaonya. Consolata alikimbilia Uvira na wanawe. Espérance alinifungia mlango. "Huyu mutoto atatuua," alikuambia. Hakukamatwa mtu, lakini kwa wiki nyingi kila gari liliposimama nje nilichungulia dirishani.

Utafiti niliumaliza bila jina hata moja. Siku ya kuutetea, ulikaa nyuma ukapiga makofi kuliko wote. Hukunilaumu hata mara moja. Nilikuwa nimeeleza kurasa kwa kurasa jinsi wanyonge wanavyobebeshwa mizigo ya wengine, na kule kizuizini mimi ndiye niliyekubebesha, nikanyamaza.

Umefariki kabla sijalisema hili mbele yako. Nisamehe, Shangazi. Pumzika.

Mimi, binti wa kaka yako