Pumzi Kabla ya Wimbo

Jumamosi, baada ya chakula

Aliangalia mkono wangu. Baba Mwende, mume wangu, ambaye hata nikimwonyesha njia ya mkato hanisikii, leo alisimama kwenye mstari wa besi kwayani akaangalia mkono wangu.

Ni ile drama ya Wakorea iliyonifundisha. Yule mwanamke anayeongoza okestra huinua mkono, na kabla sauti yoyote haijatoka, wenye fidla na wenye tarumbeta huvuta pumzi pamoja. Wiki nzima nimeitazama huku Baba Mwende akiniuliza nitawaacha lini hao Wachina wangu.

Basi leo kwenye mazoezi ya kwaya nikawaambia hakuna kuanza mpaka tuvute pumzi pamoja. Nikainua mkono. Baba Mwende akaanza kama kawaida yake, mbele ya wote, sauti yake peke yake ikajaa kanisa. Niliogopa. Akikasirika akatoka, besi yote ingemfuata. Lakini sikushusha mkono.

Akanyamaza. Akanitazama.

Halafu tukavuta pumzi, watu wote, nikaisikia. Na tulivyoingia... Tangu nipewe hii kwaya hatujawahi kuingia hivyo.

Ibada ni kesho, na bado nina wasiwasi atasahau kusubiri mkono wangu.

Sasa hivi nimemsikia akiwasha TV mwenyewe, akavuta kiti.

"Mama Mwende, acha kuandika uje," ameniita. "Huyu mama wako ameshainua mkono."